Domitila na Sanduku la Ulaya

Tulimzika Domitila kule Kabanga, siku ya manyunyu. Baada ya mazishi tulikaa chini ya turubai tukisubiri chakula, na msichana mmoja aliyekuwa akigawa maji ya kunawa akaniuliza mimi ni nani wa marehemu. Nilitafuta jibu nikalikosa. Sikuwa binti yake wala mkwe, wala hatukutoka ukoo mmoja. Yeye alizaliwa Burundi, mimi Busunzu. Nikamwambia, "Tuliishi naye nyumba moja zamani, nilipokuwa nafungasha kwenda Ulaya." Msichana akaitikia kwa adabu, akasogea na jagi lake kwa mtu wa pili. Nilibaki na mikono inayochuruzika maji, nikiwa na haya kama mtu aliyesema uongo, kwa sababu jibu lile lilikuwa dogo mno. Tangu nirudi kwangu hapa Kasulu nimekuwa nikikaa mezani asubuhi kuandika. Waliobaki wanaoukumbuka mwaka ule wa sabini na tatu ni wachache, na aliyeujua kuliko sisi sote tumekwisha kumfukia.

Nilikuwa mwanafunzi wa kilimo chuo kikuu. Siku moja walituita ukumbini, mhadhiri akasimama mbele na kusoma majina ya wachache wetu waliochaguliwa kwenda Ujerumani Mashariki, mwaka mmoja, kusomea elimu ya udongo. Waliosomwa majina walishangiliwa. Wenzangu walinibeba juu juu mpaka mlangoni, mimi niliyekuwa msichana pekee katika kundi lile. Kisha tukaruhusiwa kwenda makwetu kuaga na kujiandaa mpaka tarehe ya safari. Hivyo nikarudi Busunzu wakati wa kiangazi, nikiwa na sanduku jipya la rangi ya kahawia lenye vyuma kwenye pembe, nililonunua kwa Mwarabu mjini Kibondo. Lilikuwa sanduku la kwanza la namna ile kuingia nyumbani kwetu. Mama aliliweka juu ya kinu kilichogeuzwa, katikati ya chumba changu, lisiguse sakafu. Chumba kile nakiona hata leo: ukuta wa tofali mbichi uliosilibwa udongo mweupe, paa la nyasi jeusi kwa moshi, mahindi ya mbegu yakining'inia kwenye boriti, na harufu ya mihogo mikavu iliyopenya kutoka chumba cha nyuma. Sanduku lilionekana kama mgeni mwenye cheo aliyepotea njia.

Huko nyuma, kwenye chumba cha mihogo, ndiko alikolala Domitila. Alikuja mwaka uliotangulia pamoja na umati uliovuka mpaka, wakati ule watu walipokuwa wakitokea porini kila asubuhi na magodoro kichwani, na mbuzi, na wazee waliobebwa kwa machela. Mama alimkuta ameketi nje ya kanisa, ameegemea ukuta, wakati wenzake wote wakiwa kwenye foleni ya chakula. Akamchukua, basi. Hakuna aliyeuliza mengi. Kirundi chake na Kiha chetu vilielewana bila taabu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye mikono mizuri. Alilima na sisi, alitwanga, alichota maji. Mambo mawili tu yalimtofautisha. Hakukaa hata mara moja akiipa barabara mgongo, na hakutaja mtoto. "Nimekuja peke yangu," alisema, ikawa imetosha. Kwa hiyo sisi hatukumwita mama fulani kama wanawake wengine. Tulimwita Mama Domitila, kwa jina lake mwenyewe.

Jioni tulikula pamoja jikoni: Mama, kaka yangu Gaspari, mkewe Yustina aliyekuwa na mimba kubwa, mimi, na Domitila karibu na mlango. Ugali wa muhogo, maharage yenye mawese, na mara mojamoja mgebuka, samaki mkavu wa ziwani, ambao Gaspari alileta kutoka mnadani. Mazungumzo yote yalikuwa Ulaya. Gaspari alitania kwamba nitarudi na mume mweupe asiyejua kunawa kabla ya kula. Mama aliuliza kama huko kuna muhogo, na nilipomwambia hakuna, alitikisa kichwa kama aliyesikia msiba. Yustina alisema, bila ubaya wowote ninavyofikiri sasa, "Mtoto wa kike akienda mbali hivyo, anarudi na nini?" Mama aliacha kutafuna. Domitila yeye aliuliza maswali yake, daima kwa sauti ya chini na daima yaleyale. Mtaenda na nani? Mnafahamiana? Atakayewachukua mmemwona? Mkifika, nani atajua kuwa mmefika? Nilimjibu kwa furaha ya kijana aliyepewa mtu wa kumsikiliza. Nilidhani ananionea fahari.

Jumapili moja tulitoka misani tukakuta sanduku tupu. Halikuibwa kitu. Nguo zote nilizokuwa nimezipanga Jumamosi zilikuwa zimerudishwa mahali pake: gauni la kitenge kwenye msumari, sweta chini ya mto, soksi mpya kwenye kikapu cha nguo za ndani, viatu chini ya kitanda vikiwa vimeelekezwa ukutani. Kila kitu kilikunjwa vizuri kuliko nilivyokikunja mimi. Sanduku lilikuwa limefungwa na kurudishwa juu ya kinu. Nilicheka, nikadhani Mama amebadili mawazo kuhusu mpangilio. Mama hakucheka. Alisimama katikati ya chumba na kanga yake ya kanisani, akaangalia boriti, akaangalia dirisha dogo, akasema, "Nani alibaki nyumbani?" Walibaki Yustina, aliyeumwa miguu, na Domitila wa kumwangalia. Wote wawili walisema hawakuona mtu.

Nilifungasha upya. Wiki hiyohiyo nikaenda Kasulu kuchukua koti. Mle mjini, karibu na msikiti, alikuwako fundi mmoja mwenye asili ya pwani, Mzee Shomari, na Gaspari alikuwa amempelekea blanketi zito la kijivu anishonee koti la baridi, maana dukani hapakuwa na koti la namna hiyo. Mzee Shomari hakuwahi kuiona theluji lakini alishona kwa bidii kama anayemvalisha mtu anayekwenda vitani. Aliweka kola ndefu na vifungo vikubwa vya mbao. "Ukifika huko, mwanangu," aliniambia akiwa na pini mdomoni, "usiwavulie koti hili mpaka wakuonyeshe moto." Nikiwa pale nilisikia wateja wake wawili wakizungumza kibarazani. Mmoja alisema serikali inataka kuwaondoa Warundi wote walioko karibu na mpaka, kuwapeleka mbali huko upande wa Tabora, wapewe mapori walime. Mwingine akauliza watapelekwaje. "Kwa malori," alijibu. "Wanaandikwa majina." Sikuona ubaya wa habari ile. Nilirudi nayo nyumbani pamoja na koti, nikaisimulia wakati wa chakula. Domitila aliweka chini tonge lake. Hakulimalizia.

Siku mbili tatu baadaye tulitoka shamba tukakuta sanduku tupu tena. Safari hii koti lilikuwa limetundikwa kwenye msumari mkabala na mlango, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni, mikono imening'inia. Niliposukuma mlango nilipiga kelele, kwa sababu katika mwanga ule hafifu nilidhani kuna mtu asiye na kichwa amesimama ananingoja. Tangu hapo nyumba yetu ikabadilika. Mama, ambaye alikuwa Mkristo wa kusali alfajiri na jioni, aliifunga rozari yake kwenye kufuli la sanduku. Baadaye tuliikuta rozari imewekwa juu ya mto wangu, imezungushwa vizuri kama kuku anavyozunguka mayai, na sanduku ni tupu. Nilianza kuogopa kuingia chumbani mwangu mchana kweupe. Nilikuwa nafungasha, nafunga, natoka, halafu nageuka nyuma kuangalia mlango kama mtu anayepita makaburini.

Ukuta wa udongo hauzuii maneno. Mchana mmoja, nikiwa nimejilaza, niliwasikia Mama na Gaspari upande wa pili.

"Kuna mtu humu ndani hataki aende," Mama alisema.

"Mama, usiseme hivyo."

"Nguo hazina miguu, Gaspari. Mkeo alisema nini mbele ya chakula? Wote tulisikia."

"Yustina hawezi hata kuinama. Ataanzaje kufungua masanduku?"

"Mimi sijui. Najua kwamba mtu akitaka safari ya mwenzake isifike, haendi kumzuia barabarani. Anaanzia kwenye mzigo."

Kuanzia siku hiyo Mama akaacha kula chakula alichopika Yustina. Hakutangaza, alisema tumbo linamsumbua, akachoma viazi vyake pembeni. Yustina alielewa. Nilimkuta ameinamia kinu, anatwanga huku machozi yakidondokea kwenye unga, na nilipomshika bega aliutoa mkono wangu taratibu. Nilikuwa nasoma chuo kikuu, nilijua majina ya aina za udongo kwa lugha mbili, lakini sikujua la kumwambia. Nakiri pia kwamba mimi mwenyewe nilianza kukiangalia chakula chake kabla ya kukila. Hofu ikiingia kwenye nyumba haichagui aliyesoma.

Nilimkuta aliyekuwa akilifungua sanduku siku ambayo mpini wa jembe langu ulivunjika. Nilirudi nyumbani jua likiwa kichwani kuchukua jembe jingine. Yustina alikuwa amelala kwenye kivuli cha jikoni. Nikasikia kitu kama karatasi inakwaruza, nikasukuma mlango wa chumba changu. Domitila alikuwa amepiga magoti mbele ya kinu, sanduku li wazi, gauni langu la kitenge likiwa mapajani mwake. Alikuwa akililainisha kwa kiganja, mkunjo baada ya mkunjo. Hakushtuka. Aliniangalia kama mtu aliyekatizwa kazini.

"Mama Domitila. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

"Mzigo usipokuwa tayari," alisema, "hawawezi kukuchukua."

Nilikaa kitandani. Hapo ndipo alipotaja jina ambalo hatukuwahi kulisikia. Alikuwa na mwana, Leonidasi, pekee. Alikuwa chuo cha ualimu, umri wangu. Siku moja malori yalifika chuoni, watu wakashuka na karatasi, wakasoma majina. Walisema vijana wanaitwa kwa maswali madogo, wachukue vitu vyao, watarudi. Baadhi yao hawakungoja. Waliruka madirishani wakiwa na nguo za mwilini tu. Mmoja wa hao ndiye aliyetembea mpaka kwa Domitila kumwambia alichokiona kutoka kwenye migomba.

"Leonidasi alibaki anakunja shuka," Domitila alisema. "Wenzake wanaruka, yeye anakunja shuka. Alikuwa mtoto wa utaratibu. Kukunja nilimfundisha mimi." Alilitazama gauni lililokuwa mapajani. "Kama ningemzaa mtoto mchafu, mwana wanje, mwanangu yule, angekuwa hai."

Hakulia. Sijawahi kusikia sauti kavu kama ile. Kisha akaniuliza, kwa utulivu wa mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Aliyesoma jina lako ni nani? Unamjua kwao?"

Nilifungua mdomo kumwambia kwamba kwetu mambo ni tofauti, kwamba huku ni Tanzania. Halafu nikakumbuka ukumbi ule, na mtu yule aliyesimama mbele na karatasi. Nilijua jina lake na somo lake. Kwao sikupajua. Mwenyeji wetu huko tuendako sikumjua hata kwa jina. Niliitwa, nikashangilia, nikanunua sanduku.

Jioni nilimweleza Mama mbele ya wote, kwa sababu Yustina alistahili kusikia. Mama aliinuka, akaenda kwenye chungu cha Yustina, akapakua mwenyewe, akala mpaka sahani ikawa nyeupe. Kisha akamwambia mkwewe, "Mwanangu, chumvi imekaa vizuri." Yustina akajifunika uso kwa kanga. Nilidhani Mama atamfukuza Domitila. Badala yake alimsogezea kigoda chake aache kukaa mlangoni, na Domitila akakataa, kwa sababu kutoka kwenye kigoda kile barabara haionekani.

Lakini mimi sikupona. Usingizi ulinipotea. Kila nilipogusa sanduku niliona mikono ya kijana nisiyemjua ikikunja shuka. Mwishowe nikamwambia Mama siendi. Tulikuwa tunamenya mihogo uani.

"Unaogopa nini?" aliuliza.

"Sijui, Mama."

"Basi mimi pia naogopa, na najua ninachoogopa. Naogopa baridi, naogopa ndege, naogopa ufe nisikuzike." Aliendelea kumenya. "Lakini sikukuambia, kwa sababu hofu yangu ni yangu. Na ya Domitila ni yake, aliilipia. Wewe bado huna yako. Nenda kwanza."

Wiki ile mtendaji alipita nyumba kwa nyumba. Wakimbizi wote wakusanyike uwanja wa shule na mizigo yao. Malori yatawachukua mpaka Kasulu, na kutoka hapo wataendelea kwenye makazi mapya. Alisema kwa upole, akasema watapewa majembe na mbegu. Alikuwa na karatasi mkononi. Domitila alisimama nyuma ya Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akajibu "Ego", yaani ndiyo, akarudi jikoni kukoroga maharage. Asubuhi ya malori hakuwepo. Mkeka wake ulikuwa umekunjwa, kanga yake ya pili iko juu ya mkeka. Hakuchukua kitu hata kimoja.

Gaspari alijua pa kumtafuta, kule kwenye miyombo alikotundika mizinga yake. Tulimkuta ameketi kwenye shina la mti ulioanguka, nyuki wakimzunguka, macho kwenye njia tuliyotokea. Gaspari alimbembeleza kwa jina la Mungu, akamweleza kwamba akibaki mgambo watamfuata, akamwapia kwamba mtendaji ni mtu mwema, ni ndugu wa ubatizo. Yeye alijibu "oya" tu, yaani hapana, oya, oya. Nami basi langu lilikuwa halijapita kwa siku kadhaa. Daraja lilikuwa bovu huko Kibondo, na nilitakiwa kuwa Kasulu kabla gari la kutupeleka stesheni Kigoma halijaondoka. Sijui maneno yalitoka wapi. Nilisema, "Mama Domitila, mimi sina gari. Nitapanda lori lenu. Nitapanda kwanza, wewe utaangalia. Nikishushwa njiani, utakuwa umejua."

"Unaogopa?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Vizuri," alisema, akainuka.

Karani wa uwanjani hakutaka. "Wewe si mkimbizi, dada. Jina lako halipo hapa." Mtendaji akamnong'oneza, naye akainua mabega. Gaspari alirusha sanduku langu juu ya lori, katikati ya masufuria na magodoro na kuku waliofungwa miguu, nami nikapanda na koti la Mzee Shomari mkononi. Domitila alisimama chini hadi injini ilipowaka, ndipo akaushika mkono wangu akapanda. Mama alibaki uwanjani akipunga mkono. Sikuweza kumpungia, maana Domitila alikuwa ameushika mkono wangu na hakuuachia.

Watu walikuwa wengi na hakuna aliyesema. Nimesafiri na watu wengi tangu wakati ule na sijawahi kusikia ukimya wa namna ile; hata watoto wachanga walinyamaza. Barabara ilikuwa vumbi jekundu, miyombo kushoto na kulia, hakuna nyumba. Kila lori lilipopunguza mwendo kupanda kilima, vichwa vyote viliinuka kwa pamoja. Mbele kabisa, mahali ambapo msitu unafunga barabara, kilisikika kishindo, lori likayumba na kusimama. Injini ikazimwa. Mlango wa dereva ukafunguliwa. Mgambo mmoja akazunguka nyuma, akagonga bodi kwa kitako cha bunduki, akasema, "Wanaume washuke."

Hakuna aliyetikisika. Mbele yangu mwanamume mmoja alianza kuvua viatu vyake. Alifungua kamba polepole, akavitoa, akampa mkewe, kisha akavua na saa. Mkewe alivipokea bila kumtazama. Mzee mmoja akaanza Baba Yetu kwa Kirundi, na wengine wakamfuata kwa sauti ya chini kama ya nyuki. Mgambo, kijana wa Kasulu mwenye lafudhi kama yangu, aligonga tena. "Jamani, nini? Pancha! Gari zito! Washuke tuinue gari!" Waliielewa lugha yake vizuri. Lakini hata waliowachukua ndugu zao kule Burundi walianza kwa maneno mazuri. Kucha za Domitila zilikuwa zimeingia kwenye nyama ya mkono wangu.

Nilisimama. Sikuwa jasiri, na kwa kitambo kifupi niliamini kabisa, mimi mwenye pasipoti na tiketi ya ndege, kwamba wale watu wawili pale chini watatuua. Hilo ndilo nililojifunza mwaka ule, na hakuna mwalimu aliyeweza kunifundisha: hofu ya mtu mwingine ukishapanda lori moja nayo, inakuwa na mwili. Niliruka chini. Vumbi lilikuwa la moto. Nikaona tairi la nyuma limechanika, utingo amelala chini ya gari akitafuta pa kuweka jeki, na dereva anakunywa maji kwenye kibuyu. Nikamwita kwa nguvu, wote wasikie, "Mama Domitila, ni tairi! Ni tairi kweli!" Alichungulia. Alilitazama tairi, akamtazama utingo, akaitazama miti. Kisha akashuka, yeye mwanamke, wa kwanza kati yao. Nyuma yake akashuka mwanamume asiye na viatu, halafu wengine. Lilipokwisha kufungwa tairi jipya dereva alinung'unika kwamba hajawahi kubeba abiria wavivu namna hii. Yule mwanamume alivaa viatu vyake, na mkewe akainama kumfunga kamba.

Kasulu tulipokelewa na uji kwenye mapipa. Domitila alikuwa na homa kali, labda alikuwa nayo tangu porini, na watu waliokuwa pale wakaamua apelekwe Kabanga hospitali. Kabla hajaondoka, mwenzangu wa safari alinifuata uwanjani: Ezekieli, kijana wa hapahapa Kasulu, mwembamba, mwenye tai nyekundu na viatu vilivyomzidi, mmoja wa sisi tuliosomwa majina. Domitila akiwa amelazwa kwenye kitanda cha kamba alimwonyesha kwa kidole asogee.

"Na wewe umeitwa?"

"Nimeitwa, mama," Ezekieli alisema, akicheka.

Alimkagua kuanzia viatu mpaka tai. Akatugeukia wote wawili. Nilingoja baraka, au angalau genda amahoro, nenda kwa amani, ambayo kila mtu kwetu humwambia msafiri. Alisema, "Mrudi," basi, akageuza uso.

Mwaka wenyewe wa Ulaya nitausimulia mahali pengine. Ulikuwa mwaka mzuri. Hapa nitataja asubuhi ya kwanza tu. Tulikusanywa kwenye ukumbi wenye madirisha marefu, nje mvua ya barafu inapiga vioo, na bwana mmoja mwenye miwani akaanza kusoma majina. Alipofika kwangu sauti haikutoka. Alirudia. Niliangalia madirisha, nikapima urefu wake na nikajiuliza chini yake kuna nini. Ezekieli, aliyekuwa pembeni yangu, aliinua mkono akasema kwa Kijerumani chake kibovu kwamba nipo, nipo, huyu hapa. Bwana yule akatabasamu, akaweka alama. Baadaye Ezekieli aliniuliza nilikuwa na nini. Nikamsimulia habari ya Leonidasi, tukiwa jikoni kwenye bweni, na hakunitania tena kuhusu koti langu la blanketi.

Niliporudi nilipita Kabanga kabla ya kwenda Busunzu. Malori yalikuwa yameondoka Domitila akiwa bado kitandani, hakuna aliyemfuatilia, na masista walikuwa wamempa kazi ya jikoni hospitalini. Alikuwa amenenepa kidogo. Alinishika mashavu, akanizungusha, akanitazama mgongoni. Hakuuliza nilisoma nini.

"Mmerudi wote?"

"Wote, Mama Domitila. Isipokuwa Ezekieli. Yeye amebaki."

Nilikuwa nimeshasema kabla sijajisikia. Uso wake ulifunga kama mlango. Nikaharakisha kueleza kwamba amepewa mwaka mwingine wa masomo, kwamba alifaulu kutupita sote, kwamba ni mzima, anacheza mpira. Alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kwa huruma, jinsi unavyomkubalia mtoto anayekuambia mbwa wake aliyekufa amelala. Kisha akanipikia chai. Nilipoaga alisema ataniombea nguvu ya kuwaambia wazazi wa kijana.

Mwaka ule uliofuata wote, kila nilipomtembelea, nilimwambia Ezekieli ni mzima, naye hakuamini. Nilimpelekea picha: Ezekieli kwenye theluji. Aliitazama akanirudishia. Picha, alisema, hata yeye alikuwa nayo.

Ezekieli alirudi mwishoni mwa kiangazi kilichofuata. Nilimpokea stesheni Kigoma, na kabla hajawaona hata wazazi wake nilimpandisha gari mpaka Kabanga. Tulifika mchana. Domitila alikuwa nyuma ya jiko la hospitali, anachambua maharage kwenye ungo. Aliinua macho. Ezekieli, ambaye nilimweleza njia nzima na bado hakujua afanye nini na mikono yake, akasema, "Mwidiwe, mama," salamu ya kwetu, na akapiga makofi taratibu kama inavyopasa.

Ungo ulimtoka Domitila, maharage yakatawanyika. Alimwendea, akamshika mabega, akashuka na mikono mpaka kwenye viwiko, viganja, vidole, akirudi juu tena mpaka shingoni na masikioni. Alimvuta akamkalisha kwenye kigoda. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya ugali na maharage, akaiweka magotini kwake.

"Kula," alisema.

Ezekieli akanawa, akala. Domitila aliketi chini mbele yake, akiipa barabara mgongo, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni bila kuyafuta, akilifuata kwa macho kila tonge lililoinuka kutoka kwenye sahani mpaka mdomoni. Lilipokwisha la mwisho, akachukua sahani, akaenda kumwongezea.